Mtumaji Naye Ataulizwa

Mjumbe hauawi. Msemo huu ulitungwa kumlinda mtu mnyonge, anayebeba maneno asiyoyatunga kwenda mahali asipopachagua. Ila kumlinda mjumbe kuna maana moja tu: yupo mwingine wa kuulizwa, naye ni aliyemtuma. Biashara moja kubwa ya zama zetu inajiendesha kwa kuigeuza kanuni hiyo juu chini. Kampuni ya ng'ambo inataka simu za wateja wake zipokelewe, ankara zake ziingizwe kwenye kompyuta, picha chafu ziondolewe kwenye mtandao wake, au programu yake ya akili unde ifundishwe lipi ni tusi na lipi si tusi. Haiajiri mtu wa kufanya kazi hizo. Inatia saini mkataba wa huduma na kampuni nyingine iliyoko Nairobi, Kampala, Kigali au Manila, na hiyo ndiyo inayowaajiri vijana. Mambo yakiharibika, anayeuawa ni mjumbe: mkataba unakatwa, vijana wanarudishwa makwao, na aliyetuma anasema hakuwahi kuwa mwajiri wao. Swali linalozaliwa hapo ni la kale kuliko kompyuta, na dini zetu zilikwisha kulijibu. Mtu akifanya jambo kwa mkono wa mwingine, je, linahesabiwa kwake? Hoja yangu ni kwamba linahesabiwa. Kazi inaweza kugawiwa kwa mikono mingi, lakini kujibu kwa ajili ya kazi hiyo hakuondoki kwa kugawiwa. Na Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa sababu Kongwa, huko Dodoma, ipo.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina mafuta ya kutosha ya kula. Siagi na majarini vilikuwa vya mgawo. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, maeneo mengine ukiyatazama kutoka kwenye ndege tu, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mwenye kazi alikuwa Wizara ya Chakula ya Uingereza chini ya John Strachey, lakini wizara haikuwa na matrekta wala uzoefu wa kulima Ugogo. Kwa hiyo iliikabidhi United Africa Company iuendeshe mradi kwa niaba yake mpaka shirika la umma, Overseas Food Corporation, lilipoupokea Machi 1948. Kampuni nayo iliwapa makandarasi kazi ya kufyeka vichaka. Chini kabisa ya ngazi hiyo walikuwa maelfu ya vibarua Waafrika, Wagogo na wengine waliotoka mbali. Kwa lugha ya zabuni ya leo tungesema: mteja, mzabuni mkuu, wazabuni wadogo, vibarua. Mpangilio ni uleule, tofauti ni kwamba siku hizi badala ya karanga zinasafirishwa sauti, picha na maamuzi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mvua za Kongwa ni chache na hazitabiriki. Udongo wake una mfinyanzi mwingi. Jua likiwaka baada ya mvua unashikamana kiasi kwamba majembe ya trekta hayapenyi na karanga zilizokomaa hazing'oki, na mchanga wake mkali ulisaga vyuma vya mashine. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Jambo la kuangalia kwa mwanafalsafa ni nani aliulizwa nini. Strachey alishambuliwa bungeni London, Wakefield aliondolewa kwenye bodi, na magazeti yaliandika kwa miaka. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la mlipakodi wa Uingereza: fedha zetu zimekwenda wapi? Mgogo aliyeona mbuga ya malisho ikifyekwa, na kibarua aliyeambiwa siku moja kwamba kazi imekwisha, walikuwa na swali lao, lakini hapakuwa na mlango wa kulipeleka. Na hii ilikuwa nchi ambayo, tangu Desemba 1946, Uingereza iliishika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, yaani kwa ahadi rasmi kwamba itawajibika kwa wenyeji wake.

Kinachoifanya Kongwa kuwa somo la maadili, na si la kilimo tu, ni kwamba katika ngazi ile huwezi kumpata mwovu kirahisi. Wizara iliamini ripoti ya wataalamu. Kampuni ilitekeleza kwa niaba ya wizara. Mkandarasi alifyeka alichoambiwa afyeke. Kila mmoja, akiulizwa peke yake, ana jibu safi. Ukiyaweka majibu hayo yote pamoja unapata madhara makubwa ambayo hayana mwenyewe. Hiyo ndiyo sifa ya kazi inayopita mikononi mwa wengi: mgawanyo wa kazi hugeuka kuwa mgawanyo wa dhamiri, na dhamiri ikigawanywa vipande vidogo kila mtu hupata kipande kisichomsumbua usiku. Hesabu inayotolewa hufuata njia ya fedha kurudi kwa aliyelipa. Haifuati njia ya jasho kushuka kwa aliyetoka jasho.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika pwani yetu, SEACOM ikitua Mombasa na Dar es Salaam na TEAMS ikitua Mombasa, na baada ya hapo vijana wa Afrika Mashariki wakawa jirani wa ofisi za California. Ndani ya ukumbi wa kazi hizi mambo hupangwa hivi. Mfanyakazi huitwa ajenti. Kazi humjia kwa foleni kwenye kioo cha kompyuta, kila moja ikiitwa tiketi, na saa huanza kuhesabu tiketi inapofunguka. Kiongozi wa timu huona kwenye kioo chake nani yuko kazini na nani amekwenda msalani, na kwa dakika ngapi. Mkaguzi wa ubora huchukua sampuli ya maamuzi na kuyapima dhidi ya mwongozo. Usahihi ukishuka chini ya asilimia iliyowekwa, ajenti anaitwa. Zamu hufuata saa za mteja, kwa hiyo anayewahudumia Wamarekani hulala mchana. Amesaini mkataba wa siri, na mara nyingi haruhusiwi kutaja jina la kampuni ambayo kazi yake inaijenga, hata kwa mwenzi wake nyumbani.

Katika kituo cha Nairobi kilichokuwa kikichuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya Meta, chini ya kampuni ya Sama, uchunguzi wa jarida la TIME wa Februari 2022 ulieleza kwamba wachujaji walitarajiwa kuamua video moja kwa wastani wa sekunde 50. Tuchukue tiketi moja tu. Video inafunguka: mtu anachinjwa. Kijana lazima athibitishe ni tukio la kweli, atambue lugha inayosemwa, achague sababu kwenye orodha, ugaidi au ukatili au kingine, abonyeze, na inayofuata ifunguke. Mwongozo ule umeandikwa na Meta. Mtandao wenyewe ni wa Meta. Matokeo ya uamuzi yanaonekana Addis Ababa au Kampala kwenye simu za watu wanaodhani Meta ndiyo iliyoamua, nao wanadhani sawasawa. Kitu pekee ambacho si cha Meta katika tukio hilo zima ni macho yanayotazama na akili inayoumia.

Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefukuzwa kazi Nairobi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, alifungua kesi Mei 2022. Mwaka uliofuata wachujaji 184 walishtaki kupinga kuachishwa kazi. Utetezi wa Meta ulikuwa uleule wa siku zote: haina makazi Kenya, na hao si wafanyakazi wake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini ilikataa kuitoa Meta kwenye shauri. Juni mwaka huohuo, katika uamuzi wa muda, jaji alisema kwamba kwa mwonekano wa mambo mwajiri hasa ni Meta na Sama ilikuwa wakala wake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaridhia kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya. Desemba 2024 ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kuwa zaidi ya wachujaji 140 wamegundulika kuwa na msongo wa akili unaotokana na kiwewe. Majaji walifika kwa njia ya sheria mahali ambapo Maandiko yalifika zamani kwa njia nyingine.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, Mfalme Daudi anataka Uria Mhiti afe. Hamgusi. Anaandika barua kwa jemadari Yoabu, Yoabu anampanga Uria mahali pakali pa vita, na Waamoni wanamuua. Mnyororo una viungo vitatu baina ya mfalme na maiti, na silaha iliyoua ni ya adui. Mbaya zaidi, barua yenyewe aliibeba Uria kwa mkono wake. Nabii Nathani alipokuja hakwenda kwa Yoabu wala kwa Waamoni. Alikwenda ikulu, akamwambia Daudi kwamba yeye ndiye aliyemuua Uria, kwa upanga wa wana wa Amoni. Nathani alikuwa na kila nafasi ya kusema kwamba uhusika umegawanyika, lakini hakuichukua. Mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, unakwenda njia hiyohiyo kwa habari ya ujira: mwenye shamba anamwagiza msimamizi wake awalipe vibarua, lakini vibarua wanaponung'unika, manung'uniko yanamwendea mwenye shamba, naye anajibu mwenyewe kwa kinywa chake. Hamwambii kibarua akamalizane na msimamizi. Waraka wa Yakobo nao, unapozungumza juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, unawakemea matajiri wenye mashamba, wanyapara hawatajwi.

Msomaji aliyesoma fiqhi ana pingamizi la haki hapa. Ipo kanuni mashuhuri, iliyoandikwa pia katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya wa miaka ya 1869 hadi 1876, kwamba tendo huhesabiwa kwa aliyelitenda na si kwa aliyeamuru, na kwamba mtendaji wa moja kwa moja akikutana na msababishaji wa mbali, hukumu humwangukia mtendaji. Je, hiyo haimwondolei mteja wa ng'ambo lawama? Haimwondolei, kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni ile ina sharti lake: amri isiwe ya kushurutisha. Mtu anayehesabiwa sekunde, anayepimwa kwa mwongozo asioruhusiwa kuubadili, na anayejua kwamba akisita nafasi yake itachukuliwa kesho, hatendi kwa hiari ile ambayo mafakihi walikuwa nayo akilini. Pili, tuangalie kanuni ilitungwa kuziba tundu gani. Ilitungwa ili muuaji wa kukodiwa asiseme "nilitumwa" akaachiwa. Inamzuia mtendaji asikimbilie nyuma ya mwamuru. Kuigeuza iwe maficho ya mwamuru nyuma ya mtendaji ni kuivunja kwa jina lake. Na linapokuja suala la ujira, mafundisho hayana utata: hadithi iliyopokewa na Bukhari inamtaja, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama, yule aliyemkodi mtu akaichukua kazi yake yote asimpe ujira wake. Sifa mbili zimeunganishwa hapo ndani ya mtu mmoja, kukodi na kuichukua kazi. Biashara ya leo imezitenganisha: mmoja anakodi, mwingine anachukua. Haiwezekani kuzitenganisha sifa mbili za dhambi moja kukafanya dhambi ipotee.

Kanisa Katoliki lililitambua tatizo hili kwa jina katika waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1981, Laborem Exercens. Waraka unatofautisha mwajiri wa moja kwa moja, anayesaini mkataba na mfanyakazi, na mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu, taasisi, dola na mifumo inayoamua kutoka mbali masharti ya mkataba huo. Unakiri kwamba wajibu wa huyu wa pili si sawa na wa wa kwanza, kisha unasisitiza kwamba ni wajibu wa kweli. Unataja pia kampuni kubwa za nchi tajiri zinazopanga bei ili zipate faida kubwa, na jinsi bei hizo zinavyombana mwajiri wa chini mpaka naye ambane mfanyakazi. Tuupime ukweli wa maneno hayo kwa tarakimu. Januari 2023 TIME iliripoti kwamba kampuni ya akili unde ya OpenAI ilikubali kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa kwa kazi ya kuweka alama kwenye maandishi ya kikatili, huku wafanyakazi wakipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Sama ilijibu kwamba kiwango kile kilibeba gharama zote, pamoja na miundombinu na mishahara ya wakaguzi na viongozi wa timu. Jibu hilo linaweza kuwa kweli tupu, na bado tatizo likabaki palepale: mwenye kuamua bei ya kazi hakuwa akikutana na anayeifanya.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya vitabuni, na kwamba biashara haiwezi kuendeshwa kwa mtumaji kubeba kila mzigo. Wagogo wanawakanusha. Kwa desturi yao, iliyochunguzwa kwa kina na Peter Rigby katika kitabu alichokichapisha 1969, mwenye mifugo mingi haiweki yote kwenye zizi moja. Anaigawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vingine, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja asibaki mikono mitupu. Anayelea hunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Huo ni mkataba kamili wa kumpa mwingine kazi yako, na unavuka umbali na miaka. Lakini angalia hatari inakaa wapi. Ng'ombe akifa kwa ukame, hasara ni ya mwenye mali, kwa sababu mali ni yake. Anayelea hudaiwa pale alipozembea. Mikataba ya vituo vya Nairobi inagawa kinyume: data, sifa na faida vinabaki kwa mwenye kazi, na hatari, yaani kufutwa mkataba ghafla, kuugua akili na kukosa ujira, inahamishiwa kwa anayelea. Kwa hiyo si kweli kwamba haiwezekani kumpa mwingine kazi huku ukibaki na dhamana. Inawezekana, na Ugogo imefanya hivyo bila wakili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa vijana wenyewe. Kazi hizi, wanasema, ni bora kuliko kukaa kijiweni. Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka, na nafasi za serikali haziwatoshi. Nani atathubutu kuwapangia masharti wageni wanaoleta ajira? Hoja hii inastahili heshima, kwa kuwa njaa si nadharia. Sama yenyewe ilianzishwa 2008 kwa nia njema ya kuwapa maskini kazi badala ya sadaka, na wapo waliosomesha wadogo zao kwa mishahara ile. Lakini hoja inathibitisha kitu kidogo kuliko inavyodhaniwa. Inathibitisha kwamba kijana ana sababu ya kuikubali kazi. Haithibitishi kwamba aliyempa amemtendea haki. Tangu Rerum Novarum ya Papa Leo XIII, mwaka 1891, mafundisho ya Kanisa yanasema kwamba mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu hana njia nyingine amefanyiwa nguvu, hata kama amesaini. Ridhaa ya mwenye shida inampa mwajiri kibali cha kuanza kazi. Haimpi msamaha wa wajibu wake.

Pingamizi la pili ni la ushindani: tukiwabana watahama. Ni kweli, wanahama. Kazi ya uchujaji ilipoondolewa kwa Sama ilipewa kampuni nyingine, na baadaye ikaripotiwa kufanyika Accra, ambako malalamiko yaleyale yakaibuka. Tafsiri ya kawaida ya jambo hili ni kwamba nchi ya Kiafrika haina nguvu. Nalisoma vingine. Anayeweza kuichukua kazi yote Kenya na kuipeleka Ghana kwa barua moja ameonyesha wazi ni nani mwenye kazi. Hawezi asubuhi kuwa na mamlaka ya kuifuta ajira ya mamia ya watu na jioni akaapa kwamba hakuwa na uhusiano wowote na ajira hiyo. Mamlaka na dhamana huenda pamoja. Ukiiona moja, idai ya pili. Dawa ya kuhamahama ni nchi za jumuiya yetu kukubaliana viwango kabla hazijaanza kushindana kwa kupunguza viwango. Kenya ilijaribiwa: mwaka 2024 ulipelekwa muswada wa kurekebisha sheria za biashara ambao ungemwelekezea lawama za namna hii mwenye kituo na kumkinga mteja wake. Huko ni kuuza dhamana ili kununua ajira, na ajira inayonunuliwa hivyo huwa rahisi kwa mwenye kuinunua na ghali kwa mwenye kuifanya.

La tatu ni la kimantiki. Kama kila aliye kwenye mnyororo anawajibika kwa kila kitu, mwisho hakuna anayewajibika kwa chochote, na hata mnunuzi wa simu Berlin atakuwa na hatia ya kila zamu ya usiku Nairobi. Nakubali kwamba dhamana lazima iwe na kipimo. Kipimo hicho kina maswali matatu: nani anaweka kanuni ya kazi, nani anachukua tunda lake, na nani anajua, au angejua kama angeuliza, madhara yake? Mnunuzi wa simu hana jibu la ndiyo kwa swali la kwanza, na la tatu analijua kidogo. Wajibu wake ni mdogo, ingawa si sifuri. Meta au OpenAI zinajibu ndiyo kwa yote matatu. Wizara ya Chakula ya Uingereza ilijibu ndiyo kwa mawili ya kwanza, na la tatu ingelijua kama ingewauliza Wagogo kuhusu mvua kabla ya kuagiza matrekta.

Kipimo hicho hakimwachi nje mjumbe mwenyewe, na hapa wanaotetea wafanyakazi hunyamaza mapema mno. Kampuni ya katikati ina bei inayoweza kuikataa, ina ujuzi wa madhara kuliko mteja, na inachukua sehemu ya tunda. "Tumepewa masharti na mteja" ni kauli ya Yoabu. Vilevile kijana anayelipwa kumwandikia mwanafunzi wa Uingereza tasnifu, kazi ambayo imewapa riziki wasomi wengi wa Kenya, hawezi kujificha nyuma ya tajiri wake. Uongo uliomo ndani ya tasnifu ile umetoka kwenye vidole vyake. Na kazi ya kuchuja maudhui ina mtu wa tatu ambaye hakusaini mkataba wowote. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare aliuawa Ethiopia baada ya kuandikwa vibaya kwenye Facebook, na Desemba 2022 mwanawe alifungua shauri Nairobi akidai kwamba mtandao ulizembea. Mahakama ndiyo itakayoamua shauri hilo. Lakini linatukumbusha kwamba kasi ya sekunde 50 haimchoshi mchujaji peke yake. Inagusa uhai wa mtu ambaye jina lake linapita kwenye kioo.

Tanzania haijawa na vituo vingi vya namna hii, na hiyo ni neema yenye muda. Mkongo wa taifa umefika Dodoma, treni ya umeme imefika, wahitimu wapo, na wawekezaji wanaotafuta nguvukazi ya bei nafuu hawatachelewa. Na kanuni tunayoihitaji tayari tumeikubali mara mbili. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za 2014 zilimkataza wakala kuwa mwajiri wa mtu anayemfanyia kazi mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka mkusanyaji ahakikishe usalama wa taarifa hata zinapochakatwa na mwingine kwa niaba yake. Itakuwa aibu taifa likiilinda namba ya simu ya mteja wa ng'ambo kuliko akili ya Mtanzania anayeichapa namba hiyo. Wabunge wanaoketi Dodoma wanaweza kuandika mambo matatu kabla mkataba wa kwanza mkubwa haujasainiwa: jina la mwenye kazi liandikwe kwenye mkataba wa mfanyakazi; mwenye kazi na kampuni ya katikati wawajibike pamoja kwa ujira na kwa maradhi yatokanayo na kazi, ya akili yakiwemo; na mwenye kazi aweke hapa nchini mwakilishi anayeweza kupelekewa hati ya mahakama. Viongozi wa dini, kuanzia masheikh wa Dodoma hadi wanaofundisha wachungaji katika Chuo cha Mtakatifu Filipo palepale Kongwa, wana kazi inayotangulia sheria. Waanze kufundisha mimbarini na madhabahuni kwamba aliyetuma ataulizwa, na kwamba umbali wa bahari mbili hautasikilizwa kama udhuru, mahakamani wala mbele ya Mungu.